Zawadi ya Mahafali: Afya ya Familia ya Singida Katika Safari ya Kwanza ya Nje ya Nchi

Kati ya Novemba na Desemba, vyuo vikuu vingi vya Tanzania vinapotunuku shahada, wazazi kutoka Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni hupanda mabasi kwenda kumshuhudia mtoto akivaa joho. Wengi wao wamelipa ada kwa magunia ya alizeti, vitunguu na asali, na siku hiyo huihesabu kuwa ya kwao kama ilivyo ya mhitimu. Zawadi ya mahafali ilizoeleka kuwa kitenge, saa ya mkononi, mbuzi au ng'ombe wa kuanzia maisha. Zipo sasa familia ambazo, baada ya kudunduliza kwa miaka, huamua zawadi iwe safari: wazazi, mhitimu na wadogo zake kuvuka mpaka wa nchi kwa mara ya kwanza, wakiwa pamoja. Huenda ikawa Nairobi kwa basi kupitia Babati, Arusha na Namanga. Huenda ikawa Dubai au Istanbul. Kwa familia ya Kiislamu huenda ikawa Umra, na mara nyingine ni mhitimu mwenyewe, aliyekwisha kupata kazi, anayewapeleka wazazi wake.

Katika maandalizi ya safari ya namna hiyo, pasi ya kusafiria, tiketi na nguo hupewa wiki kadhaa. Afya hupewa jioni moja, wakati mabegi yanafungwa. Jambo hilo lina gharama yake, kwa sababu kundi linalosafiri kwa zawadi ya mahafali si kundi la vijana watupu. Ichukuliwe, kwa mfano, familia ya watu watano kutoka Ikungi: mhitimu wa miaka 24 anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, baba wa miaka 61 mwenye shinikizo la juu la damu, mama wa miaka 55 mwenye kisukari, bibi aliyepita miaka 75, na mdogo wa mwisho wa miaka 9 mwenye selimundu. Kila mmoja wao anaweza kusafiri salama. Lakini maandalizi yanayomfaa mmoja hayamfai mwingine, na Shirika la Afya Duniani hushauri msafiri amwone mtaalamu wa afya wiki 4 hadi 8 kabla ya kuondoka, muda ambao unatosha kupima, kurekebisha dawa na kuacha chanjo ifanye kazi yake.

Kupima kwanza

Kwa mtu mzima ambaye hajawahi kupimwa, safari ni sababu njema ya kuanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kwamba wanalo. Bibi anayesema "mimi sina ugonjwa wowote" mara nyingi husema kweli kwa kadiri anavyojua, kwa maana hakuna aliyewahi kumfunga mkanda wa kipimo mkononi. Kipimo cha shinikizo la damu, cha sukari na cha wingi wa damu hupatikana katika vituo vingi vya afya. Ikigundulika kasoro wiki sita kabla ya safari, kuna nafasi ya kuanza dawa na kuona mwili unavyoipokea. Ikigundulika usiku wa kuamkia safari, linalobaki ni hofu tu.

Kwa yule anayejua ugonjwa wake, swali linalopaswa kuulizwa kliniki ni hili: dawa zitatosha siku zote za safari na ziada ya wiki moja? Ndege huchelewa, mabasi huharibika, na dawa iliyozoeleka nyumbani huenda isipatikane ugenini bila cheti cha daktari wa huko.

Hapo ndipo linapojitokeza tatizo moja dogo ambalo ni la kwetu kabisa. Dawa nyingi hutolewa zikiwa zimehesabiwa ndani ya kibahasha, juu yake pameandikwa kwa kalamu "1x2". Mama anaifahamu: kidonge kimoja, kutwa mara mbili. Ofisa wa forodha katika nchi nyingine haoni kitu ila vidonge vyeupe visivyo na jina. Inafaa kumwomba mfamasia dawa zikiwa katika pakiti zake za asili, zenye jina na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kumwomba daktari barua ya Kiingereza inayotaja ugonjwa, jina la kitaalamu la kila dawa na kiasi kinachotumiwa. Nakala moja ya barua ibaki kwa mwenye dawa na nyingine kwa mhitimu.

Zipo dawa ambazo ni halali kwa cheti hapa nchini na ambazo kwingine huweza kumfikisha mtu mahakamani. Tramado, diazepamu na dawa zenye kodini, zikiwamo baadhi ya dawa za maji za kikohozi, ziko katika kundi hilo. Falme za Kiarabu, kwa mfano, hutaka kibali cha wizara yake ya afya kabla msafiri hajaingia na dawa za aina hiyo. Mtu mwenye maumivu ya mgongo aliyepewa tramado hospitalini na kuitupia begini bila kufikiri anaweza kuimaliza safari yake chumba cha mahojiano. Unga wa mizizi na majani usio na lebo nao ni afadhali ubaki nyumbani: hata kama hauna madhara, hakuna atakayeweza kuthibitisha hivyo mbele ya meza ya ukaguzi.

Chanjo na kadi zake

Kadi ya njano ndiyo chanjo inayojulikana zaidi, na ndiyo inayozua ubishi zaidi. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa mara moja. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa, cheti chake hudumu maisha yote ya aliyechanjwa, na kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10 zimeingia katika utaratibu huo. Cheti huanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchanjwa. Kwa hiyo anayechanjwa Jumatatu ili asafiri Ijumaa amechelewa, hata kama sindano ameipata.

Si kila nchi inayoitaka kadi hiyo kwa msafiri atokaye Tanzania, na masharti hubadilika. Njia anayopitia msafiri nayo ina uzito, kwa kuwa kusubiri ndege kwa saa nyingi katika nchi yenye ugonjwa huo kunaweza kumleta chini ya sharti ambalo asingelikuwa nalo kama angekwenda moja kwa moja. Jibu la kuaminika hupatikana kwa ubalozi wa nchi iendewayo na kwa shirika la ndege. Jirani aliyesafiri mwaka juzi hawezi kulitoa.

Kiafya, jambo linalosahaulika ni kwamba chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa watu wengi ni salama. Kwa mtu wa miaka 60 na zaidi anayeipata kwa mara ya kwanza, madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea mara nyingi kidogo kuliko kwa kijana. Kwa hiyo baba na bibi wa mfano wetu wanapaswa kuonwa na daktari kabla ya kuchanjwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mjamzito, kwa mwenye mzio mkali wa mayai na kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka sana. Daktari akiona chanjo haifai, anaweza kutoa cheti rasmi cha msamaha wa kitabibu. Kununua kadi bila kuchanjwa ni kosa la jinai, na tena humwacha mwenye kadi bila kinga mahali ambapo ugonjwa upo.

Kwa wanaokwenda Umra au Hija, Saudi Arabia hutaka chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina nne za bakteria (A, C, W na Y), iliyotolewa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Cheti hudumu miaka 3 au 5, kulingana na aina ya chanjo iliyotumika, na ni vyema anayechanja aiandike aina hiyo. Na kwa kuwa safari nyingi za mahafali huangukia Desemba na Januari, ambao ni msimu wa baridi na mafua makali katika nchi za kaskazini, chanjo ya mafua inawafaa wazee, wenye kisukari na wenye maradhi ya moyo au mapafu, inapopatikana.

Safari huanzia stendi

Kosa kubwa la ushauri mwingi wa wasafiri ni kudhani kwamba safari huanzia kiwanja cha ndege. Kwa mtu wa Singida, siku ya kwanza ni barabara. Kutoka Singida mjini hadi Dodoma ni kama kilomita 240, na hadi Dar es Salaam ni karibu 700. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme kati ya Dodoma na Dar es Salaam imepunguza sehemu ya mzigo huo, lakini bado wapo wengi wanaokaa kwenye basi kutwa nzima, wakalala saa chache kwa ndugu, kisha wakakaa tena saa tano, nane au zaidi ndani ya ndege.

Kukaa huko ndiko kunakohusika na kuganda kwa damu katika mishipa ya ndani ya miguu. Misuli ya ndama za miguu, mtu anapotembea, huikamua mishipa na kuirudisha damu juu kuelekea moyoni. Miguu ikining'inia bila kusogea, goti likiwa limekunjwa na ukingo wa kiti ukibana nyuma ya paja, damu hutiririka polepole, na damu ipitayo polepole ni rahisi kuganda. Donge likibaki mguuni huleta uvimbe na maumivu. Likikatika na kusafiri hadi mapafuni linaweza kuua. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, ambao matokeo yake ya awamu ya kwanza yalitolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka kama mara mbili baada ya safari ya saa 4 au zaidi, na kwamba haihusu ndege peke yake: basi, treni na gari dogo vimo. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe bado ni ndogo, kiasi cha mtu 1 kati ya 6,000. Huongezeka kwa wanene, warefu sana na wafupi sana, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, wajawazito, waliofanyiwa upasuaji hivi karibuni na waliowahi kuugua ugonjwa huo.

Hivyo katika familia ya Ikungi macho ya wote yatakuwa kwa bibi, ilhali mhitimu mwenyewe, kijana na mwenye nguvu, naye yumo katika orodha. Kinachosaidia ni rahisi: kukunja na kukunjua nyayo kila nusu saa, kusimama na kutembea kila inapowezekana, kuepuka nguo za kubana kiunoni na kutoweka mzigo mbele ya miguu. Aliye katika hatari zaidi anaweza kushauriwa kuvaa soksi maalumu za kubana, zenye kipimo sahihi, kwa sababu soksi isiyomkaa mtu vizuri hudhuru. Kumeza aspirini kwa kujiamulia hakupendekezwi.

Maji nayo yana habari yake. Mabibi na mababu wengi hawanywi maji siku ya safari, na sababu si kukosa kiu. Wanaona haya kumwomba dereva asimame ili wakachimbe dawa, kama wasemavyo abiria, na wanaogopa zaidi choo cha ndege, ambacho hawajui mlango wake unafunguliwaje. Wengine huacha makusudi vidonge vya shinikizo la damu vinavyoongeza mkojo. Matokeo yake ni mwili uliokauka, kichwa kuuma, kizunguzungu wakati wa kusimama na, kwa mwenye kisukari, sukari kupanda. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake kwa kawaida huwa chini ya asilimia 20, kwa hiyo ukavu ulioanza kwenye basi huzidishwa angani. Dawa ya hofu hii ni maelezo. Mjukuu amweleze bibi yake mapema, kwa faragha na kwa heshima, choo kikoje, mlango unasukumwa wapi, kitufe cha maji ni kipi. Amwombee kiti cha kando ya njia. Na aende naye mara ya kwanza. Daktari akishauriwa, anaweza pia kubadili saa ya kumeza kidonge cha mkojo siku hiyo badala ya kukiacha kabisa.

Hewa ya juu na miili ya watu wa nyanda za juu

Ndege kubwa hupaa zaidi ya meta 10,000, lakini ndani yake hewa hushindiliwa hadi ifanane na ile ya mahali penye mwinuko wa meta 1,800 hadi 2,400. Mji wa Singida uko kwenye kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kwa maneno mengine, mtu wa Singida anapokuwa ndani ya ndege amepanda kidogo tu kuliko alivyozoea, na mtu wa Tanga au Mtwara amepanda zaidi. Faraja hiyo ni ya kweli, ila si ya kumtosha kila mtu. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, ugonjwa wa moyo usiodhibitiwa au ugonjwa sugu wa mapafu ana akiba ndogo ya oksijeni, na punguzo dogo humfikisha mahali pabaya.

Mtoto mwenye selimundu ahesabiwe kwa uangalifu wa pekee. Kupungua kwa oksijeni, ukavu na baridi ni mambo matatu yanayoweza kuanzisha maumivu makali, na ndege inayo yote matatu. Daktari wake anapaswa kumwona kabla ya safari, na ikiwa ametoka tu kupata shambulio la maumivu, ni vizuri kusubiri kama siku 10 kabla ya kuruka. Anywe maji mara kwa mara, avae nguo za joto, aende na dawa za maumivu pamoja na zile anazotumia kila siku. Akihitaji oksijeni, shirika la ndege lielezwe siku kadhaa kabla, kwani hazigawiwi kwa kuombwa langoni.

Masikio ni shida ndogo lakini ndiyo inayowaliza watoto. Ndege inaposhuka, hewa ya nje huongezeka mgandamizo upesi kuliko ile iliyo nyuma ya ngoma ya sikio. Kumeza mate, kutafuna au kunywa kwa mrija hufungua njia ya kusawazisha. Mtoto mchanga anyonye wakati wa kushuka. Mwenye mafua mazito huumia zaidi.

Mjamzito husafiri salama mara nyingi, lakini mashirika mengi hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na humkatalia anayekaribia kujifungua, kwa kawaida tangu wiki ya 36.

Saa ya tiketi na saa ya dawa

Tiketi huandika 04:15. Baba anayesoma saa kwa Kiswahili huona nne na robo, naye hujiandaa kwa saa nne na robo asubuhi. Ndege yake huondoka saa kumi na robo alfajiri. Vivyo hivyo 00:40 ya tarehe 14 ni usiku wa kuamkia tarehe 14, kwa hiyo familia inapaswa kuwa kiwanjani jioni ya tarehe 13. Kwa kawaida kosa hili huhesabiwa hasara ya fedha tu, lakini hugusa na afya pia: wazee wanaokimbizwa kiwanjani bila kula, na mama mwenye kisukari aliyekwisha kujidunga insulini akitarajia kifungua kinywa ambacho hakikuja, wamo hatarini. Sukari ikishuka, mtu hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, na mgeni asiyemfahamu anaweza kudhani amelewa. Pipi au glukosi ikae mfukoni, si ndani ya begi lililokabidhiwa.

Kuhusu tofauti ya saa baina ya nchi, sehemu kubwa ya safari za mahafali hazina shida. Istanbul, Makka na Nairobi hutumia saa ileile ya Tanzania. Dubai imetangulia kwa saa moja na India kwa saa mbili na nusu. Tofauti ndogo kama hizo kwa kawaida hazidai mabadiliko makubwa ya insulini. Uchina, iliyotangulia kwa saa tano, ni habari nyingine: anayekwenda mashariki hufupisha siku yake, na dozi iliyopangwa kwa saa 24 inaweza kumzidi. Ratiba ya siku hiyo ipangwe na daktari na iandikwe kwenye karatasi.

Insulini yenyewe isiwekwe kwenye mzigo unaokabidhiwa, kwa sababu huko chini inaweza kuganda kwa baridi, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Akina mama wanaoihifadhi nyumbani katika chungu chenye mchanga uliolowa wanajua adui yao ni joto. Safarini adui wa pili ni barafu. Ile inayotumika kwa wakati huo hustahimili joto la kawaida la chumba kwa takriban wiki 4, kulingana na maelekezo ya aina yake.

Baridi, joto na meza ya hoteli

Joto la Singida ni kavu. Jasho hukauka likitoka, na kukauka huko ndiko kunakoupoza mwili. Katika miji ya Ghuba wakati wa Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40, na karibu na bahari hewa hujaa unyevu. Jasho hutiririka bila kukauka, na mwili haupoi. Ndiyo maana mtu aliyelima alizeti juani miaka 40 anaweza kuanguka katika mtaa wa Dubai. Mwaka 2024, Saudi Arabia ilitangaza kwamba mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki katika Hija iliyoangukia joto kali la Juni. Familia inayoweza kuchagua, na ichague Desemba au Januari, wakati huko kumetulia. Anayekwenda Istanbul au Uchina miezi hiyo akumbuke kwamba baridi ya huko haifanani na upepo wa Juni wa Singida: wazee wavae nguo kadhaa nyepesi moja juu ya nyingine, kofia na viatu vinavyoshika chini penye utelezi, kwani nyonga iliyovunjika ugenini ni msiba wa familia nzima.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Mama aliyezoea ugali wa mtama au uwele kwa mlenda hukutana na mkate mweupe, keki na juisi zilizopangwa mezani bila kikomo, na sukari yake hupanda siku ya pili tu. Apime mara nyingi zaidi kuliko nyumbani. Kwa kuhara, vifurushi vya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini huchukua nafasi ndogo begini. Wanaokwenda Arabuni wajiepushe na maziwa mabichi ya ngamia, hata kama ukarimu wa anayeyatoa unaonekana kutostahili kukataliwa. Na asali ya Manyoni iliyobebwa kuwa zawadi kwa mwenyeji huhesabiwa kuwa kimiminika: ikizidi mililita 100 haipiti na begi la mkononi, na baadhi ya nchi huikataa kabisa kwa kuwa ni zao la mdudu.

Bima ya afya ya nyumbani isidhaniwe kuwa inavuka mpaka. Bima ya safari hununuliwa kabla ya kuondoka, na nchi za Schengen hazitoi viza ya muda mfupi bila bima ya angalau yuro 30,000. Ugonjwa ambao mtu anao tayari lazima utajwe wakati wa kuinunua. Anayeuficha shinikizo la damu ili alipe kidogo atalipa hospitali yote kwa fedha taslimu. Namba za dharura ziandikwe kwenye karatasi na kwenye simu ya kila mmoja, mtoto pia: 112 kwa Uturuki, India na nchi za Umoja wa Ulaya, 998 kwa gari la wagonjwa Falme za Kiarabu, 997 Saudi Arabia, 120 Uchina.

Homa baada ya mpaka

Singida huhesabiwa miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Ni neema, lakini ina upande wa pili: mtu aliyekulia Singida mjini hana kinga ya mwili anayojijengea mkazi wa pwani anayeumwa mara kwa mara, na usiku mbili alizolala Dar es Salaam bila chandarua akisubiri ndege zinatosha kumwambukiza. Dalili huanza kwa kawaida siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Hesabu hiyo humkuta akiwa tayari ugenini, mbele ya daktari ambaye pengine hajaona malaria mwaka mzima na ambaye, msimu wa baridi, atafikiria mafua kwanza. Maneno ya kumwambia ni mafupi: "Nimetoka Tanzania; naomba nipimwe malaria leo." Anayetoka kwenye mapori ya Manyoni na Itigi yenye mbung'o aongeze habari hiyo pia, kwani malale ni ugonjwa ambao madaktari wa nje ni nadra kuufikiria.

Homa inaweza pia kusafiri kinyume. Familia ikirejea kutoka India au kusini mashariki mwa Asia, kidingapopo kiko katika hesabu. Huleta homa kali, maumivu nyuma ya macho na viungo, na mgonjwa wake hapaswi kumeza aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu. Parasetamoli ndiyo inayofaa wakati akielekea hospitali. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla na kifua kuchoma, ndani ya wiki nne hivi baada ya safari ndefu, ni dharura isiyongoja asubuhi. Katika zahanati ya kijijini mhudumu huona homa kila siku na hana sababu ya kudhani kwamba bibi aliye mbele yake alikuwa Mumbai wiki iliyopita. Ni juu ya aliyemsindikiza kuitoa pasi ya kusafiria na kumwonyesha mihuri na tarehe zake, kabla kipimo cha kwanza hakijachukuliwa.